Keraryo na Sungusungu Waliogoma Kurudi Nyumbani

Mdogo wangu Keraryo hajakosea tangu azaliwe. Muulizeni mwenyewe. Ng'ombe akimfia mkononi, ng'ombe ndiye alikuwa mbishi. Mvua ikimkuta njiani bila koti, mvua ndiyo haina adabu. Kwa hiyo maumivu yalipomshika kule chini, kati ya uanaume wake na pale anapokalia, hakujiuliza mwili wake una nini. Aliuliza nani kamfanyia. Na mtu akianza kutafuta wa kumsingizia, mke huwa yuko karibu kuliko wote.

Mimi ni dada yake, Ghati, nilimtangulia kuzaliwa. Nauza samaki Musoma mjini, naishi Buhare, shule niliishia darasa la saba. Yeye naye aliishia hapo hapo, ila akianza kuongea utadhani alibaki nyuma kumfundisha mwalimu.

Kwetu ni Butiama, upande wa Kiabakari. Baba alikuwa na watoto wengi na ng'ombe wa kuhesabika, kwa hiyo Keraryo ili aoe ilibidi angoje mimi niolewe. Aliningoja kweli. Mwanaume mzima na ndevu zake alikuwa anapita mbele ya jiko ananitazama kama mtu anayesubiri ndama anenepe. Abraham aliponiposa, yeye ni mvuvi, watu wao utajiri wao ni nyavu, ikabidi wakanunue ng'ombe mnadani. Zikaletwa nyumbani. Hata hazijazoea zizi letu, zikatolewa kwenda Manyamanyama, kule Bunda, kumleta Marieta awe mke wa Keraryo.

Hili mlishike vizuri. Kwetu, dada ambaye ng'ombe zake zimemleta mke kwa ndugu yake ana neno katika nyumba ile. Marieta akipika na mimi nipo, sahani ya kwanza ni yangu. Na anayetaka kumtoa Marieta pale lazima apite kwangu kwanza, maana alikuja kwa ng'ombe zangu. Keraryo alilisahau hilo. Anasahauga mambo yote yasiyomfaa.

Jambo la pili ambalo hapendi likumbushwe ni la Eufrasia. Yeye huliita operesheni.

Enzi za ujana wake Keraryo alikuwa kamanda wa sungusungu pale kijijini, vijana wa ulinzi, rungu mkononi na filimbi shingoni. Kamanda! Alipewa cheo hicho kwa sababu alikuwa na mbio na hakuwa na kazi. Siku moja ng'ombe wa jirani wakaibwa, nyayo zikafuatwa hadi kwa Eufrasia, mjane aliyekuwa akiishi na mwanawe Hezron. Mwizi akakutwa amelala kwenye mihogo ya yule mama, ambaye hata hakujua kama ana mgeni. Wakamkamata, wakampeleka polisi, ng'ombe wakarudi zizini asubuhi ile ile. Kazi ilikuwa imekwisha. Watu wenye akili walikwenda kunywa uji.

Keraryo akabaki. "Huenda kuna wengine," akasema.

Wakakaa pale kwa mjane, yeye na kundi lake. Wakaing'oa mihogo waone kama kuna mwizi chini yake. Wakala kuku, eti posho ya walinzi. Paka akipita, mmoja anapuliza filimbi. Waliokuwa nyumbani wakisikia filimbi wanakuja mbio. Wale waliopo wakiona wenzao wanakuja mbio, wanasema, mnaona, wizi upo! Nao wanapuliza za kwao. Hezron alikuwa anawaambia kila siku, jamani mwizi mlishamchukua, hapa hayupo. Wakampiga kwa kuwa anabisha. Mkono wake wa kushoto ukapona umepinda, na mpaka leo haunyooki.

Aliyewatoa ni baba yetu. Alifika pale na fimbo yake ya kuchungia, akainyofoa filimbi shingoni mwa Keraryo hadi uzi ukakatika, akamuuliza, "Mwizi yuko mahabusu. Hapa anayeiba ni nani?" Wakaondoka. Eufrasia mwaka ule alikula kwa kuombaomba. Kamanda hakumpelekea hata kikonyo cha mhogo.

Basi ndiye huyo. Akaoa kwa ng'ombe zangu, akahamia Musoma, akafungua duka la dawa za mifugo Nyakato. Anauza dawa za kuogesha, chanjo za kuku, sindano za ng'ombe, na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ana pikipiki ya kwendea minadani, na juu ya hiyo pikipiki hukaa kutwa nzima akiwa amejibana kama anaendesha nchi.

Maumivu yalianza kidogo kidogo. Kukojoa kunachoma. Akitoka chooni anataka kurudi. Akikaa, ni kama amekalia kaa la moto. Akilala na mkewe, kesho yake anatembea kama bata. Akaacha kukaa kabisa. Dukani anasimama, mezani anasimama, kanisani anasimama nyuma ameegemea ukuta, hadi wageni wakawa wanamuuliza viti vilipo wakidhani ni mhudumu wa ibada.

Angekwenda hospitali? Keraryo? Yeye ana duka la dawa!

Kwanza alimeza vidonge alivyouziwa na rafiki yake mwenye duka la dawa za watu. Vikaisha, maumivu yakapungua siku chache, yakarudi. Akanunua chupa ya mizizi kwa yule mwenye kipaza sauti stendi ya Bunda, anayetibu nguvu za kiume, kisukari na kukosa kazi kwa chupa moja. Akaendesha tumbo, maumivu yakabaki. Ndipo akageukia rafu yake mwenyewe. Akachukua tetrasaikilini ya ng'ombe, ile ya kutia kwa bomba nene, akajifungia chumba cha nyuma, akajidunga. Kipimo alikitoa wapi? Alijikadiria kama ndama aliyeachishwa kunyonya. Katika mambo yote hayo, hapo tu ndipo alipojikadiria sawasawa.

Akipata nafuu kidogo, anatamba. Maumivu yakirudi, anamgeukia Marieta.

"Mimi nimejitibu, nimepona," anamwambia. "Halafu nikikugusa nikaumwa tena. Sasa huu ugonjwa unatoka wapi, kama si kwako?"

Marieta ni mwanamke mpole, tena mpole kupita kiasi, hilo nimeshamwambia. Alikwenda kupima. Akaonekana hana kitu. Keraryo akasema maabara ile haina watu wa maana. Akaenda nyingine, ikasema vile vile. Keraryo akasema hao wanawake wa maabara wanajuana. Akamtaka naye adungwe ili "tutibiwe kwa pamoja." Na Marieta akakubali, ili nyumba itulie.

Nilijua siku nilipokwenda kwao na sangara wangu mkononi. Nikamkuta Marieta, wifi yangu ambaye kwangu ni zaidi ya wifi, anapepeta mchele amekalia upande mmoja tu.

"Wifi, umeanguka?"

"Hapana, wifi. Ni sindano tu."

"Sindano ya hospitali gani?"

Akaendelea kupepeta. Nikamwinulia kanga. Paja limevimba jiwe, limekuwa jekundu. Yule mpumbavu alikuwa amemtia mke wangu, mke niliyemlipia kwa mwili wangu, dawa ya ng'ombe.

Nilifika dukani kwake sijui nilipitia njia ipi. Alikuwa anamhudumia mteja, mzee mmoja mwenye mbuzi mgonjwa.

"Keraryo! Marieta ana kwato ngapi?"

"Dada, kuna mteja."

"Mteja naye asikie. Baba, unanunua dawa hapa? Huyu ukimweleza mbuzi anaumwa, atamdunga mkeo."

Mzee wa watu akachukua mbuzi wake akatoka. Keraryo akavimba. Akaniambia mambo ya chumbani kwake hayanihusu, kwamba Marieta amemletea ugonjwa wa aibu, kwamba amekwisha mwambia atangulie kwao Manyamanyama, na kwamba ameitisha kikao cha ukoo Butiama. Anamrudisha.

Sasa mjue kumrudisha maana yake nini. Marieta angefika kwa baba yake akiwa na jina la mke aliyemletea mumewe kisonono. Ng'ombe zingedaiwa. Watoto wangebaki, maana kwetu watoto ni wa ng'ombe, si wa tumbo. Mwanamke ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yake angevuliwa nyumba, watoto na jina kwa sababu mwanaume mmoja hawezi kukaa kwenye kiti.

"Kikao hakiketi bila mimi," nikamwambia. "Na mimi sisemi neno mpaka upimwe na daktari wa watu."

"Siwezi kwenda hospitali Musoma. Watu wananifahamu."

"Tutakwenda Bunda. Kule hawakufahamu, bahati yao."

Akakataa. Nikamwambia sawa, basi kikaoni nitaanza mimi, nitawaeleza wazee wote jinsi unavyojidunga dawa ya ng'ombe ukiwa umeinama nyuma ya magunia ya pumba. Akavaa koti.

Kule Bunda tulimpata daktari mmoja kijana, Nathan, mtu mwenye subira ya kumkinaisha hata malaika. Akamsikiliza Keraryo wee, akasikia habari za sindano, akaiweka kalamu yake mezani. Akamwambia aache dawa zote kwanza, arudi baada ya muda, ndipo wapime mkojo wakiwa na uhakika. Keraryo akaishi bila sindano akiugulia kama mwanamke wa mimba ya kwanza. Naomba radhi kwa wanawake wa mimba ya kwanza, wao wanajikazaga.

Tulivyorudi wakachukua mkojo, wakachukua damu, wakamfanyia na kipimo cha kidole cha kukagua tezi dume na misuli ya huko ndani. Mimi nilikuwa kwenye benchi koridoni. Benchi zima lilisikia. Nesi mmoja alitoka kwenye chumba cha pili kuangalia kama kuna anayejifungua. Kamanda wa sungusungu huyo!

Majibu yalipokuwa tayari, ni yeye mwenyewe aliyetaka niingie.

"Dada yako aingie kweli?" daktari akamuuliza. "Haya ni mambo yako."

"Aingie. Nataka asikie kwa masikio yake ni nini nimeletewa."

Nikaingia. Mimi nikakaa, yeye akasimama.

"Kaka yangu," daktari akaanza, "hukuletewa kitu. Kisonono hakipo. Pangusa hakuna. Kaswende hakuna. Mkojo tumeuotesha maabara kutafuta wadudu, hakikuota kitu. Tezi dume haina dalili ya saratani wala jipu. Wadudu hawapo."

"Hawapo? Sasa kinachoniuma ni nini?"

"Maumivu ni ya kweli. Nilipobonyeza misuli ya sakafu ya nyonga uliruka. Hayo ni maumivu sugu ya nyonga, wanaume wengi wanayo, hawasemi tu. Wakati mwingine yanaanza na maambukizi madogo, wakati mwingine ni kujibana kwenye pikipiki, au hatujui kabisa. Kitu kinachoonekana kwa wengi ni kwamba kinga ya mwili inahusika. Kile kinachotakiwa kukulinda."

"Kinga yangu ni dhaifu?"

"Haijawa dhaifu. Haitaki kutulia. Askari wa mwili waliitwa pale, labda kulikuwa na adui, labda kulikuwa na jeraha tu. Wakifika wanamwaga kemikali zao, panavimba ndani kwa ndani, panawaka. Adui akiisha wanatakiwa waondoke. Kwako hawajaondoka. Zile kemikali zinaamsha mishipa ya fahamu, mishipa inapiga kelele, na kelele zenyewe zinaita askari wengine. Misuli nayo inajikaza kwa maumivu, ikijikaza inauma zaidi. Ni mzunguko. Na ukiwa na hasira na wasiwasi, unaukoleza."

"Lakini nilikuwa nikijidunga napata nafuu!"

"Baadhi ya dawa hizo, mbali na kuua wadudu, hupoza uvimbe kidogo. Nafuu hiyo ndiyo imekudanganya. Halafu maradhi haya yenyewe hupanda na kushuka, hata usiponywa kitu."

"Na mke wangu?"

"Hana cha kukuambukiza. Wala wewe huna cha kumwambukiza."

Keraryo akatikisa kichwa. "Daktari, hilo haliwezekani. Askari hawezi kupiga pasipo na mwizi. Kama wanapiga, basi wizi upo."

Daktari akanitazama kama mtu anayeomba msaada. Na mimi jibu lilikuwa limeshanijia, limejaa mdomoni.

"Keraryo," nikamwambia, "kwa Eufrasia wizi ulikuwepo?"

Mkono wake ukapanda shingoni, pale ambapo zamani ilikaa filimbi, ukabaki hapo. Daktari akauliza Eufrasia ni nani.

Kisha Keraryo akaandikiwa matibabu, na hayakuwa na sindano hata moja. Dawa ya kutuliza uvimbe, nyingine ya kulegeza njia ya mkojo, mazoezi ya kulegeza misuli ambayo alionyeshwa na mtaalamu wa viungo, maji ya vuguvugu ya kukalia kwenye karai, pikipiki aipunguze. Daktari hakumdanganya: itachukua miezi, pengine zaidi, na pengine haitaisha yote. Keraryo alikasirika. Alitaka kitu cha kuua.

Tukiwa stendi akaanza ujanja. "Dada, basi haya mambo tuyamalize kimya kimya. Nitawapigia wazee niwaambie kikao kimeahirishwa. Marieta nitampigia arudi."

"Ulipuliza filimbi mbele ya watu wote," nikasema. "Sasa unataka kuwatawanya kwa kunong'ona?"

"Nitaonekanaje?"

"Kama ulivyo. Ni wakati wake."

Kikao kikaketi nyumbani Butiama, uani kwa baba mdogo Clementi. Tangu marehemu baba atutoke yeye ndiye anayeongoza ukoo, na anauongoza kwa kuangalia wapi kuna kipande chake. Safari hii alikuwa amekwisha onja kwa mawazo ng'ombe watakaorudi kutoka Manyamanyama. Majirani wakubwa nao waliitwa, na katika majirani hao alikuwepo Hezron, mvi kichwani, mkono wake uliopinda ameuweka pajani.

"Kaa, mura, kijana wetu," baba mdogo akamwambia Keraryo. "Aliyeitisha kikao hasimami juu ya vichwa vya wazee."

"Siwezi, baba mdogo."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi kukaa."

Wazee wakatazamana. Mtu ametuita tukae, yeye hakai. Sikumsaidia.

"Haya, sema umeletewa nini."

Keraryo akakohoa. "Vipimo vimekuja tofauti kidogo. Ni mambo ya... kinga ya mwili."

Hapo uani pakawaka. Kwetu mtu akitaja kinga ya mwili, watu wanasikia ukimwi, hakuna kingine. Mama mmoja akashika kichwa. Baba mdogo akasogeza kigoda chake nyuma, kama maradhi yangemrukia.

"Tulieni!" nikasema. "Hana ukimwi. Kinga yake haijapungua, imezidi. Inafanana na mwenyewe. Keraryo, waeleze. Waeleze kwa mfano wanaoufahamu, au nitawaeleza mimi."

Alinitazama kwa macho ya kuua. Nikamtazama vile vile, macho hayo tumerithi kwa baba mmoja. Akaona sitaondoka pale.

"Mnakumbuka," akasema polepole, akiangalia chini, "ile operesheni ya kwa mama Eufrasia."

Nani angesahau?

"Mwizi alishakamatwa. Sisi tukabaki. Tukawa tunapuliza filimbi, tukisikia filimbi tunakuja, tukija tunapuliza. Sasa mwilini mwangu ndiyo hivyo. Kuna walinzi, walikuja, wamebaki. Wanapiga nyumba yenyewe. Daktari anasema mwizi hayupo."

Halafu Hezron akainua uso.

"Tulikuambia hayupo," akasema. "Kila siku tulikuambia."

Hakupaza sauti. Alisema vile mtu anavyomwambia mwenzake kwamba mvua ilinyesha. Keraryo akageuza uso akatazama zizi. Mnadhani alimwomba radhi? Msiniulize mambo ya Keraryo kana kwamba ni mtu mwingine. Alijishika kiuno, akasaga meno, na maneno yaliyotoka ni haya tu: "Marieta hana kosa. Hakuniletea ugonjwa."

"Basi," baba mdogo Clementi akasema haraka, huzuni imemjaa ya wale ng'ombe, "kama hana kosa, kikao kimefungwa. Mtu akamchukue mkewe."

"Hakijafungwa," nikasema. "Jina lake alilichafua hadi Manyamanyama. Aende akalisafishie huko huko, mbele ya baba yake. Na ng'ombe zangu ndizo zinazosema hivyo, si mimi."

Baba mdogo alitaka kubisha, lakini wazee wengine waliguna kuafiki. Hapo hata yeye hana mlango wa kutokea. Ng'ombe zilikuwa zangu.

Manyamanyama tulipokelewa kwa heshima ambayo hatukustahili. Baba yake Marieta, mzee mtaratibu, akamtolea mkwewe kiti kizuri chenye mto. Keraryo akakishukuru kile kiti, akasimama kando yake kama mlinzi wa kiti.

"Baba mkwe, nimekuja kusema kwamba yale niliyoyasema kuhusu Marieta hayakuwa kweli. Nimepimwa. Hakuniambukiza."

Marieta alikuwa jikoni. Akatoka anafuta mikono kwenye kanga, bado anachechemea kidogo kwa lile paja.

"Sema tena," akasema. "Kuku walikuwa wanapiga kelele."

Kuku wenyewe walikuwa wamelala chini ya kibanda, hata kidomo hawajafungua. Nilijizuia nisicheke mpaka mbavu zikauma. Upole umekwisha, nikasema moyoni, na umekwisha vizuri.

Akasema tena.

"Na sindano?" Marieta akauliza.

"Sitakudunga tena."

"Sikuulizi kuhusu mimi. Nauliza bomba. Likiwa ndani ya nyumba yangu, mimi siingii. Likae dukani na ng'ombe wake."

"Litakaa dukani."

"Na mimi nitakuja paja likipona. Si kabla. Watoto waletwe hapa kwa mama yangu wakati nangoja."

Keraryo akanigeukia, kama mtoto anayemtazama mama yake anapoambiwa anywe dawa. Nikatazama kuku. Akakubali.

Marieta alirudi Nyakato alipotaka kurudi. Keraryo bado anaumwa, si kama zamani, kuna wiki anaendesha pikipiki anaimba na kuna wiki anashika kuta. Siku akigombana na mteja, jioni yake lazima aumwe. Daktari alimweleza hivyo, lakini yeye anasema ni hali ya hewa ya ziwa. Dawa anameza. Mazoezi anayafanya mlango umefungwa, akidhani hatujui. Kwa Hezron hajaenda, na mimi kila nikipita dukani kwake namuuliza ataenda lini, na kila nikimuuliza ana mteja.

Wiki iliyopita niliwapelekea sato. Nikamkuta uani amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapuliza moto, karai lake pembeni. Mwanaume aliyekuwa na kundi zima la kumkimbilia akipuliza, sasa anapuliza mwenyewe na hakuna anayekuja.

"Marieta!" akaita. "Njoo unisaidie kuchochea, maji yanachelewa!"

Marieta alikuwa ndani kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, sahani yangu, ile ya kwanza, ameshaifunika mezani.

"Nimekaa," akamjibu.